Kanuni nafuu za mbio za dragi: Njia za kumzuia mwenye pesa asinunue ushindi

MBIO za dragi ni miongoni mwa michezo michache ya magari ambayo hata mtu asiyewahi kuitazama anaweza kuielewa kwa dakika moja. Magari mawili husimama bega kwa bega kwenye barabara iliyonyooka, taa huwaka, na gari linalotangulia kufika mwisho ndilo mshindi. Hakuna kona, hakuna mizunguko, na kila pambano huisha kabla ya mtazamaji kumaliza kufungua chupa ya soda.

Umbali unaokimbiwa kwa kawaida ni robo maili, yaani futi 1,320 ambazo ni takriban mita 402. Viwanja vingine hutumia nusu ya umbali huo, mita 201.

Hata hivyo, wepesi huo ndio unaouponza mchezo wenyewe. Pale ambapo hakuna kona za kupima ustadi wa dereva, nguvu za injini huwa ndiyo hoja kuu, na nguvu za injini hununuliwa. Kijana aliyeingia uwanjani na gari analoendea kazini hujikuta, msimu mmoja baadaye, akipimana na mwenzake aliyefunga injini ya thamani ya magari matatu. Mara ya kwanza hushindwa na kucheka. Mara ya tatu huacha kuja.

Ndiyo maana kila linapozuka wazo la kuanzisha daraja jipya la wachezaji wa ridhaa, swali la kwanza halipaswi kuwa ni gari gani liruhusiwe. Swali ni kanuni zipi zitakazolifanya daraja hilo libaki nafuu katika mwaka wake wa tano kama lilivyokuwa katika mwaka wa kwanza.

Uzoefu wa miongo kadhaa, hasa nchini Marekani ambako mchezo huu ulizaliwa, unatoa jibu ambalo huenda likawashangaza wengi: kanuni nafuu si zile zinazopiga marufuku orodha ndefu ya vifaa ghali, bali ni zile zinazohakikisha kwamba kifaa ghali hakimletei mwenyewe faida yoyote.

Mchezo uliotoka barabarani

Chimbuko la mbio hizi ni vijana wa kusini mwa California ambao, tangu miaka ya 1930, walikuwa wakiyapima magari yao kwenye mabonde ya maziwa yaliyokauka kama vile Muroc na El Mirage. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, idadi yao iliongezeka, na wengi hawakuwa na subira ya kusafiri hadi jangwani. Walishindana katika barabara za umma, usiku, miongoni mwa magari ya watu wasiohusika.

Mnamo 1950, C. J. Hart na wenzake walianzisha mashindano ya kulipia kiingilio katika uwanja wa ndege wa Santa Ana, California. Mwaka uliofuata, 1951, Wally Parks aliasisi chama cha National Hot Rod Association (NHRA) kwa lengo la kuwapa vijana hao mahali salama na kanuni za pamoja.

NHRA iliandaa mashindano yake ya kwanza rasmi huko Pomona mnamo Aprili 1953. Mwaka wa 1954, chama hicho kilituma kikosi kidogo kilichovuta trela la vifaa kuzunguka Marekani kikivifundisha vilabu vya mitaani namna ya kupima uwanja, kukagua magari na kuendesha mashindano. Ziara hiyo iliitwa Drag Safari, neno la Kiswahili likiwa limepata kazi mbali na nyumbani.

Historia hii ina funzo moja. Daraja la bei nafuu si anasa ya wapenda magari tu. Kijana anayeona kwamba uwanja rasmi ni wa matajiri haachi kupenda mwendo wa kasi. Hurudi barabarani, mahali pasipo na ambulensi, ukuta wala msimamizi. Kwa hivyo gharama ya kushiriki ni suala la usalama wa umma pia.

Pesa huingiaje?

Kilele cha mchezo huu ni daraja la Top Fuel, ambalo injini zake hukadiriwa kutoa nguvu za farasi zaidi ya 11,000, na magari hupita kilomita 530 kwa saa. Injini hizo hufunguliwa na kuundwa upya kati ya raundi moja na nyingine. Hakuna mchezaji wa ridhaa anayetarajia kufika huko, na si huko linakoanzia tatizo.

Tatizo huanzia chini, tena polepole. Haba na haba hujaza kibaba. Mshindani mmoja hununua tairi laini zinazonata. Wenzake hulazimika kununua. Mwingine hubadilisha kompyuta ya injini, wengine hufuata. Hakuna aliyepata nafuu kwa sababu wote wamepanda pamoja, lakini kila mmoja ametumia pesa, na mgeni anayetaka kujiunga sasa ana mlima wa kupanda.

Watunga kanuni aghalabu hujibu kwa kupiga marufuku kifaa kilichozusha malalamiko. Dawa hiyo ina udhaifu wake, na mfano maarufu unatoka nje ya dragi, katika mbio za mzunguko za Uingereza.

Klabu ya 750 Motor Club, iliyoanzishwa 1939, iliweka daraja la watu wa kipato cha chini waliotengeneza magari kutokana na gari dogo la Austin 7. Kanuni zilihifadhi injini ile ile ya kale, ambayo mitungi yake miwili miwili ilivuta hewa kupitia tundu moja. Mnamo 1951, mhandisi kijana Colin Chapman, mwasisi wa Lotus, aligundua namna ya kuligawa kila tundu kwa kuta nyembamba za ndani ili kila mtungi upate njia yake. Hakuna sheria aliyovunja. Gari lake liliwaacha wenzake mbali, na klabu ikalazimika kurekebisha kanuni.

Ikiwa kanuni zinamlipa mwenye kupata mwanya, mwanya utatafutwa, na mwenye pesa na utaalamu ndiye atakayeuona kwanza. Afadhali kutunga kanuni ambazo mwanya wake haumfaidi mtu.

Njia ya kwanza: Kutangaza muda

Wamarekani walipata ufumbuzi wa aina hiyo kupitia mfumo ambao humtaka kila dereva atangaze, kabla ya pambano, muda ambao gari lake litautumia kumaliza umbali. Muda huo huandikwa kwenye kioo. Gari la polepole huanza kwanza, na lile la kasi huzuiwa kwa tofauti ya muda wao.

Tuseme gari la kwanza limetangaziwa sekunde 15.20 na la pili sekunde 13.70. La kwanza litawashiwa taa ya kijani sekunde 1.50 kabla ya mwenzake. Kila moja likikimbia kwa muda wake kamili, yatafika pamoja, na mshindi atakuwa dereva aliyeitikia taa haraka zaidi.

Sasa tuseme dereva wa kwanza amechelewa kuondoka kwa sekunde 0.10, na gari lake limetumia sekunde 15.25. Jumla ya upungufu wake ni sekunde 0.15. Wa pili amechelewa kwa sekunde 0.05 na kutumia sekunde 13.78, upungufu wake ni sekunde 0.13. Wa pili ameshinda kwa sekunde 0.02, ingawa magari hayo hayalingani kwa lolote.

Ili kuzuia udanganyifu, gari likikimbia kwa muda mfupi kuliko uliotangazwa, dereva hupoteza pambano. Anayeondoka kabla ya taa ya kijani hupoteza pia. Taa zenyewe, zinazopangwa juu ya mlingoti na kuitwa mti wa Krismasi, zilianza kutumika katika mashindano ya NHRA mnamo 1963.

Chini ya mfumo huu, injini ya bei kubwa haina faida. Anayeongeza nguvu hulazimika kutangaza muda mfupi zaidi, na hubaki pale pale. Kinacholipa ni gari lisilobadilikabadilika na dereva makini.

Hata hivyo, nao ulipata magonjwa yake. Kulitokea vifaa vya elektroniki vinavyomwezesha dereva kuachilia kitufe anapoona taa ya kwanza ya manjano, kisha kifaa kikahesabu sehemu za sekunde na kuliachilia gari kwa wakati barabara. Pesa zilizofukuzwa kupitia mlango wa injini ziliingia kupitia dirisha la elektroniki. Ndiyo sababu viwanja vingi vina kitengo kisichoruhusu vifaa hivyo.

Zawadi nono nazo zilichangia. Mashindano ya Million Dollar Race, yaliyoanza 1996, yalionyesha kwamba dereva wa mfumo huu anaweza kuwania pesa nyingi kwa siku moja. Palipo na pesa nyingi za kushinda, watu hawaoni tabu kutumia pesa nyingi ili kushinda.

Njia ya pili: Kikomo cha muda

Njia ya pili ni kuweka muda mmoja kwa wote. Madereva huanza kwa pamoja, na anayetangulia hushinda mradi asiende chini ya muda uliowekwa. NHRA ina madaraja ya namna hii: Super Street ambalo kikomo chake cha robo maili ni sekunde 10.90, Super Gas sekunde 9.90, na Super Comp sekunde 8.90.

Uzuri wa njia hii ni kwamba mtazamaji hahitaji kikokotoo. Magari mawili yameondoka pamoja, moja limefika kwanza.

Lakini hapa pia kuna funzo. Katika madaraja hayo, washindani wengi hujenga magari yenye nguvu kupita kiasi, kisha huyafungia kifaa cha kupunguza mafuta kwa muda maalumu baada ya kuondoka ili yasivunje kikomo. Gari huzubaa kidogo, kisha hufyatuka kama mshale mwishoni. Faida yake ni kwamba dereva humwona mpinzani mbele yake na kupima mwendo. Matokeo ni kwamba kanuni iliyokusudiwa kupunguza kasi imezaa gari ghali linalolipiwa ili liende polepole.

Njia ya tatu: Kusawazisha vifaa

Wako wanaopendelea kila mshindani atumie vifaa vya aina moja. Mfano uliodumu ni Formula Vee, daraja la mbio za mzunguko lililotambuliwa na chama cha Sports Car Club of America mnamo 1963. Magari yake hutumia injini, sanduku la gia na mhimili wa mbele wa Volkswagen aina ya kobe, gari ambalo vipuri vyake vilipatikana kila mahali.

Daraja hilo limeishi zaidi ya miaka 60, jambo linaloonyesha thamani ya kanuni zisizobadilishwa kila msimu. Hata hivyo, kusawazisha vifaa kunahitaji wakaguzi wenye ujuzi wa kufungua injini na kupima kila kipande. Klabu changa haina watu hao. Fauka ya hayo, kumlazimisha kila mtu awe na gari la aina moja ni kumfungia mlango aliye na gari jingine tayari.

Kifaa kimoja tu ndicho rahisi kukagua kwa macho: tairi. Tairi nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hupigwa chapa ya namba inayoashiria uimara wa mpira wake. Namba ndogo ni tairi laini inayonata na kuisha upesi. Namba kubwa ni tairi ya kawaida ya barabarani. Kanuni inayosema namba isiwe chini ya 200 inaweza kukaguliwa na mtu yeyote anayejua kusoma. Tena tairi ikishindwa kunata, nguvu za ziada huishia kuwa moshi, na mwenye injini kubwa hukosa mahali pa kuzitumia.

Njia ya nne: Bei ya juu kabisa

Njia ya mwisho ni kuweka kiwango cha pesa. Mashindano ya 24 Hours of LeMons, yaliyoanza Marekani mnamo 2006, yalijulikana kwa kutaka gari lisizidi thamani ya dola 500, vifaa vya usalama vikiwa havihesabiwi. Waamuzi wakishuku kwamba gari linazidi, huliongezea mizunguko ya adhabu. Nalo jarida la Grassroots Motorsports limekuwa likiandaa mashindano ya magari ya bei ya chini ambayo hujumuisha mbio za dragi, na washiriki hutakiwa kuonyesha hesabu ya matumizi yao.

Wengine hutumia kanuni ya kununuana: yeyote aliyeshindwa ana haki ya kununua gari au injini ya mshindi kwa bei iliyowekwa. Mtu hatafunga injini ya dola 5,000 ikiwa anaweza kulazimishwa kuiuza kwa dola 500.

Kanuni hiyo ina akili ndani yake, lakini haifai pale ambapo mshindani amekuja na gari la familia. Haiwezekani mtu alazimishwe Jumapili kuuza gari litakalowapeleka watoto shuleni Jumatatu. Kuhusu risiti, kila mwenye rafiki fundi anajua jinsi zinavyoweza kuandikwa.

Pendekezo la daraja

Kutokana na mifano hiyo, inawezekana kupendekeza daraja la wachezaji wa ridhaa linalochukua uzuri wa kila njia na kuacha dosari zake. Kanuni zake za msingi zinaweza kuenea ukurasa mmoja.

Kwanza, vidato vya muda. Pawe na vikomo vinne vya robo maili: sekunde 14.00, 15.00, 16.00 na 17.00. Kila dereva achague kimoja baada ya mbio za majaribio na abaki nacho siku nzima. Wa kidato kimoja waanze kwa pamoja. Wa vidato tofauti wakikutana, tofauti iwe sekunde kamili, ambayo hata mtoto aliye jukwaani anaweza kuihesabu. Anayekwenda chini ya kikomo chake apoteze pambano. Wote wawili wakivunja, aliyevunja kwa kiasi kidogo ashinde.

Kidato cha kasi zaidi hakikuchaguliwa kiholela. Katika kanuni za NHRA, gharama za usalama hupanda kadiri muda unavyopungua. Kofia ngumu ni lazima kuanzia sekunde 13.99. Kwa kawaida, mabomba ya chuma ya kumkinga dereva gari likipinduka hutakiwa kuanzia sekunde 11.49, na kizimba kamili kuanzia sekunde 9.99, ingawa magari mapya yamelegezewa baadhi ya masharti hayo. Daraja linaloishia sekunde 14.00 hukaa nje ya gharama hizo zote, na idadi kubwa ya magari ya kawaida yanaweza kulishiriki bila kubadilishwa lolote.

Pili, gari. Liwe gari lililotengenezwa kiwandani kwa matumizi ya barabarani, lenye paa la chuma, viti na milango yake. Lijazwe mafuta ya kituo cha kawaida. Injini yoyote iruhusiwe, yenye turbo au isiyo nayo. Huenda hili likaonekana kuwa ulegevu, lakini saa ndiyo mkaguzi. Kwa kuwa nguvu za ziada hazina faida, hakuna haja ya kufungua injini ya mtu, na ugomvi mwingi wa viwanjani unakufa kabla ya kuzaliwa.

Tatu, marufuku yawe machache na yaonekane kwa macho. Yakatazwe matairi yenye namba chini ya 200, mitungi ya gesi ya nitrasi, na kifaa chochote cha kuchelewesha kuondoka au kupunguza mafuta kwa muda uliopangwa. Kanuni iseme wazi kwamba kompyuta iliyotoka kiwandani na gari inaruhusiwa, na nyingineyo hairuhusiwi kugusa mwondoko.

Nne, kikomo cha mwendo. Gari linalomaliza robo maili kwa sekunde 14 kwa kawaida huvuka mstari likienda karibu kilomita 157 kwa saa. Likionekana kuvuka likiwa na kilomita 165 au zaidi, ni dhahiri kwamba lilizubaa kwa makusudi. Dereva apoteze pambano hilo, hata kama muda wake ni halali. Mtambo ule ule unaopima muda hupima mwendo, hivyo kanuni hii haiongezi gharama. Vidato vingine viwekewe vikomo vyao kwa hesabu hiyo hiyo.

Tano, zawadi. Ziwe kombe, cheti na labda seti ya tairi. Zawadi ya pesa isizidi ada ya kujiandikisha ya mshiriki mmoja. Anayetaka kutajirika atafute daraja jingine.

Sita, utulivu. Kanuni zisibadilishwe kwa miaka mitatu, isipokuwa kwa sababu ya usalama. Mtu aliyenunua tairi kwa kuamini kanuni za leo asiambiwe mwakani kwamba hazifai. Hakuna kinachopandisha gharama kama kanuni zinazohamahama.

Saba, rufaa. Anayemshuku mwenzake aweke dhamana ya pesa kidogo. Akiwa na haki arudishiwe. Akiwa hana, dhamana imwendee aliyeshukiwa. Hivyo malalamiko ya chuki yatapungua.

Pasipopunguzwa gharama

Kuna sehemu moja ambayo unafuu hauna nafasi: usalama. Wanaotafuta kupunguza gharama mara nyingi huanzia hapo kwa kuwa kofia na mikanda haimpi mtu ushindi. Hilo ni kosa.

Katika daraja linalopendekezwa, kofia ngumu yenye kibali iwe lazima kwa wote, hata wa sekunde 17.00, ingawa kiwango cha NHRA hakifiki huko. Mkanda wa kiwandani uwe mzima. Betri ifungwe isichomoke. Nati zote za magurudumu ziwepo na zikazwe. Kusiwe na mafuta yanayovuja, maana tone moja la mafuta njiani ni hatari kwa dereva wa zamu inayofuata kuliko kwa aliyelimwaga. Springi inayorudisha kanyagio la mafuta ijaribiwe. Kila kitu kisichofungwa ndani ya gari kitolewe. Dereva avae suruali ndefu na viatu vilivyofunika miguu.

Ukaguzi huo huchukua dakika chache kwa kila gari na hauhitaji mhandisi. Fundi mwaminifu wa mtaani anaweza kuufanya.

La muhimu zaidi ni uwanja wenyewe. Wengi hupima robo maili na kusahau kwamba gari linahitaji nafasi ya kusimama. Mnamo Juni 21, 2008, dereva Scott Kalitta alifariki huko Englishtown, New Jersey, baada ya injini ya gari lake kulipuka na gari kushindwa kusimama hadi kupita mwisho wa uwanja. Muda mfupi baadaye, NHRA ilipunguza umbali wa madaraja yake mawili ya kasi zaidi kutoka futi 1,320 hadi futi 1,000 ili kuongeza nafasi ya kusimama.

Ikiwa chama chenye uzoefu wa zaidi ya nusu karne kililazimika kufupisha mbio, klabu changa haina sababu ya kuona aibu. Penye barabara fupi, mbio ziwe za mita 201, na vikomo vya muda vipunguzwe ipasavyo. Nafasi ya kusimama isipungue kamwe kwa sababu ya kutafuta robo maili kamili.

Hesabu ya mwinuko

Kwa wasomaji wa Kenya, kuna jambo moja ambalo kanuni za kunakili kutoka nje haziwezi kulitatua. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi. Injini isiyo na turbo hupoteza zaidi ya asilimia 15 ya nguvu zake ikilinganishwa na ilivyo Mombasa. Gari linalotumia sekunde 14.00 Pwani linaweza kuhitaji karibu sekunde 15 katika nyanda za juu.

NHRA ililifahamu tatizo hilo zamani. Uwanja wa Bandimere karibu na Denver, Colorado, uliotumika tangu 1958 hadi 2023, ulikuwa juu zaidi ya mita 1,700, na vikomo vya muda vilirekebishwa kila mashindano yalipofanyika huko. Klabu yoyote itakayoandaa mbio za Pwani na za bara italazimika kuwa na majedwali mawili, la sivyo mshindi ataamuliwa na ramani.

Kwa bahati nzuri, mfumo wa vidato unalichukulia jambo hilo kwa urahisi. Dereva hujichagulia kidato baada ya majaribio ya siku hiyo hiyo, katika hewa ile ile atakayoshindania. Aliyekuwa wa 14.00 Mombasa atakuwa wa 15.00 Nairobi, na hatakuwa amepoteza chochote.

Kipimo cha mafanikio

Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe, na katika madaraja ya juu ya mbio za dragi, usemi huo ndio sheria. Daraja la ridhaa linapaswa kuwa mahali pekee ambapo mwenye nguvu hapishwi.

Mafanikio yake hayatapimwa kwa gari lililokwenda kasi zaidi wala kwa ukubwa wa kombe. Yatapimwa kwa jambo dogo ambalo msimamizi yeyote anaweza kulihesabu langoni: ni wangapi kati ya walioshindwa katika raundi ya kwanza ya mashindano ya kwanza ambao walirudi kwa mashindano ya pili, wakiwa na gari lile lile, tairi zile zile, na pesa za mafuta ya kurudia nyumbani.